Mpira wa Stelingi ya Pijo

Mbugani, Kyela
14 Januari 2025

Mume wangu Gwamaka,

Ughonile. Huku tu wazima. Mvua imeanza vizuri, migomba imenenepa, kakao yangu ya shamba la Bujonde inatoa maua, na yule kuku wako mwenye kishungi ameangua vifaranga ambavyo mwewe anavihesabu kila asubuhi kunishinda mimi. Kanisani wamechagua mwalimu mpya wa kwaya. Sauti anayo, ila anatuimbisha kama anakimbilia basi.

Usishangae mwandiko. Huu ni wa Mwanaheri, yule jirani yangu mwenye duka la vitenge. Miwani yangu imevunjika, kwa hiyo mimi nasema na yeye anaandika, na nimemwonya asitie chumvi yake. Simu siitaki kwa jambo hili. Unajua masikio yangu yalivyo. Nikishika simu napayuka mpaka Mbugani nzima inajua nimekula nini, na baba yako ana watu wake wa kumpelekea habari hapa. Barua hii inapanda basi pamoja na mchele wako. Na wewe nijibu kwa njia hiyohiyo.

Sasa jambo lenyewe. Stelingi ya Pijo, gari langu, imekuwa nzito haigeuki. Ule mpira wa presha, unaopeleka mafuta kutoka kwenye pampu hadi kwenye stelingi, umechanika pale unapoingia kwenye kichwa chake cha chuma. Fundi wetu Asajile aliuunga kwa kipande cha mpira wa petroli na klipu mbili. Alipolijaribu gari, akafika nalo sokoni, kiungo kikafumuka, mafuta mekundu yakatapakaa njiani, na watu wakaanza kuuliza ni mbuzi wa nani aliyegongwa. Nataka mpira mzima unaohimili presha, wa kulitosha gari la mwaka themanini na nne. Sitaki viraka.

Na usinichukulie mwaka. Baba yako alikuja Krismasi, akalizunguka gari mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akaniambia kwamba mama wa umri wangu hana kazi tena na usukani. Eti yuko mtu Mbeya, jina lake Nelson, anayekodisha magari ya zamani kwa maharusi, naye yuko tayari kulinunua. Tulibishana sana. Mwisho nikamwambia huyo baba yako Ambilikile amlete huyo mtu wake mpunga ukishavunwa. Wakilikuta gari linatembea na mimi ndiye ninayeliendesha, maneno yameisha. Wakilikuta limelala, walichukue.

Mimi nilipokuwa bibi shamba nilipitisha gari la serikali kwenye matope ya Talatala, matope ambayo wanaume waliyakimbia wakaacha viatu humo. Siko tayari kumalizia siku zangu nimekaa kibarazani nikingoja mtu apate nafasi ya kunipeleka kanisani.

Mkeo wa kwanza,
Bibi Tusekile


Kurasini, Dar es Salaam
9 Februari 2025

Shikamoo Bibi, mke wangu wa kwanza na hadi leo wa pekee.

Mchele umefika na harufu yake imenipatia marafiki wapya hapa nyumbani. Mimi mzima. Kazini kwenye yadi ya makontena wamenitoa kwenye kubeba, sasa naendesha fokolifti. Msimamizi aliniuliza nilijifunza wapi kurudi nyuma bila kukunja shingo kila upande. Nikamwambia nilifundishwa na bibi yangu kwenye njia za majaruba. Akadhani namtania.

Kuhusu mpira, nimeimaliza Gerezani, kule kwenye vipuri vya magari, duka kwa duka. Muuzaji wa kwanza alicheka, akaniuliza kama hilo gari bado lina magurudumu. Mwingine alinitolea mpira mpya kabisa, bado uko kwenye nailoni yake. Nilipoufungua nikaona mkunjo wake umeelekea upande usio wetu. Ni wa gari lenye usukani kushoto. Akanihakikishia kwamba ukipindwa kidogo utaingia. Nikamwachia aupinde yeye.

Lakini usikate tamaa, maana nimepata njia nyingine. Yupo fundi anaitwa Lameck, ndiye anayetutengenezea mipira ya haidroliki ya fokolifti. Ana mpira wenye waya ndani, ana mashine ya kubania vichwa vya chuma, na anasema atakutengenezea mpira utakaobaki mzima hata gari likioza. Anachotaka ni ule wa zamani uwe sampuli yake. Mwambie Asajile aufungue muupakie basi.

Sasa niulize swali moja, Bibi. Mpira huo unavuja tangu nikiwa kidato cha pili, na mimi ndiye niliyekuwa nikikushikia kopo la mafuta. Wakati ule ulisema stelingi nzito ni mazoezi ya mikono, na dereva anayeilalamikia akaendeshe baiskeli. Leo imekuwaje?

Mumeo,
Gwamaka


Mbugani, Kyela
16 Machi 2025

Mume wangu Gwamaka,

Hongera kwa fokolifti. Nimewatangazia kina mama wote wa jumuiya, na mmoja ana binti muuguzi, mrefu, mpole, anapika. Sisemi zaidi.

Mvua sasa inanyesha kama imelipwa. Mto umeingia kwenye mashamba ya watu wa chini, lakini mpunga wangu wa Bujonde umesimama. Shangazi yako wa Talatala amejifungua mtoto wa kiume, wamemwita Tuntufye. Ana masikio ya babu yako, maskini.

Mpira siufungui. Asajile amekifunga tena kile kiungo, kinavumilia gari likiwa limesimama, na kila Jumapili jioni naliwasha hapo uani, linanguruma, mtaa unasikia kwamba lipo. Nikiliondolea mpira, halitawashwa, maana pampu itajisaga yenyewe. Litanyamaza wiki mbili, watu watasema limekufa, na habari hiyo itamfikia baba yako kabla mpira wako haujapanda basi.

Nimekupimia badala yake. Asajile aliingia chini ya gari, nikampa ukanda wa mgomba, akaupitisha njia yote unayopita mpira, kutoka kwenye pampu, akashuka nao, akaukunja kwenye kona, mpaka kwenye stelingi. Pale mpira unapoishia ndipo alipoukata. Ukanda huo nimeukunja ndani ya bahasha hii. Nimekuwekea pia vichwa viwili vya chuma, Asajile alivikata kwenye Pijo jingine kama hili lililokufa zamani, ili Lameck apate nyuzi zenyewe za kukazia na asibahatishe.

Swali lako nimelisikia. Ulipokuwa kidato cha pili ulikuwa unakula ugali bila kuuliza umesagwa wapi. Endelea hivyo.

Mkeo,
Bibi Tusekile

Nami mwandishi, Mwanaheri, nakusalimu. Bibi yako ananilipa kwa ndizi na matusi.


Mbugani, Kyela
27 Aprili 2025

Mume wangu,

Tu wazima, na salamu zangu leo ni fupi kwa sababu nimekasirika.

Mpira wako umefika, na ule ujumbe wako wa mistari miwili nimeupata. Ni mpira mzuri, mnene, vichwa vinang'aa, Asajile aliusifu kabla hajaingia chini ya gari. Alipotoka hakuusifu tena. Vichwa vimeingia barabara, lakini mpira wenyewe umepungua vidole vinne. Ameuvuta mpaka akatokwa na jasho. Ukivutwa hivyo na injini ikitikisika, utachomoka, na safari hii watu watauliza ni ng'ombe wa nani.

Mwambie huyo Lameck anunue futikamba. Mimi nimepima mashamba ya watu tangu baba yako hajaota meno. Waligombana juu ya mipaka, walipigana hata kwa mapanga, lakini hakuna aliyewahi kuigombania kamba yangu.

Mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Baba yako ametuma salamu, anauliza tutavuna lini. Anajua kuuliza huyo.

Mkeo,
Bibi Tusekile


Kurasini, Dar es Salaam
11 Mei 2025

Shikamoo Bibi.

Mimi mzima, kazi inaendelea, na binti muuguzi mwambie mama yake kwamba nimesikia. Pole kwa mvua na kwa hasira. Leo na mimi nina la kusema, na nitalisema moja kwa moja kwa sababu wewe ndiye uliyenilea hivyo.

Nilimpelekea Lameck maneno yako. Hakukasirika. Alitoa ukanda wako kwenye droo, akaulaza mezani pembeni ya vipimo vya mpira alioukata. Vililingana kabisa. Basi nikauchukua mkononi, nikauona ulivyokauka, umejikunja, una mikunyanzi kama ngozi ya mzee. Ulikatwa mbichi huko kwenye mvua, ukafika huku kwenye joto umenywea. Lameck hajui migomba. Mimi najua, na wewe unajua kuliko mimi.

Nilikuwa na miaka minane nilipochukua ukanda mbichi wa mgomba kupima tuta lako la mihogo. Ulinipiga kofi la mkononi. Ukaniambia ukanda mbichi ni mwongo, leo unasema hili na kesho unasema lile, na mtu anayepima kweli hupima kwa kamba ya katani. Ukanionyesha kamba yako ya kazi inapokaa, juu ya mlango wa jiko, kwenye msumari. Haijawahi kukaa kwingine.

Bibi, wewe hukusahau. Hukuweza kuifikia, na hukutaka kumwomba Asajile akuangulie maana angekuuliza kwa nini.

Na hii miwani iliyovunjika tangu Januari nayo inanishangaza. Unaviona vidole vinne chini ya gari, lakini huoni karatasi?

Kingine ni kwamba baba amenipigia simu. Ameniomba nisifanye haraka. "Tafuta taratibu," ndivyo alivyosema. Nikamuuliza sababu, akaanza kuniuliza habari za kazi. Nimemwambia sitakuchelewesha kwa ajili yake. Lakini nitakuchelewesha kwa ajili yangu. Lameck yuko tayari kutengeneza mpira mwingine. Mimi simwambii aanze mpaka uniambie mkono wako una nini. Ukinitukana nitapokea, ukininyima mchele nitanunua. Nakupenda sana, Bibi, na siwezi kukutumia kitu cha kukupeleka barabarani nikiwa nimefumba macho.

Mumeo,
Gwamaka


Mbugani, Kyela
20 Mei 2025

Gwamaka,

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Miwani ni mizima.

Kwa siku tatu sikutaka kukujibu. Nilimwambia Mwanaheri aandike kwamba mjukuu asiye na adabu hana bibi, akaandika, nikamwambia achane. Sasa anaandika hii, na analia, sijui analilia nini wakati mkono ni wangu.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda Bujonde kuangalia kitalu cha mpunga. Tuta lilikuwa bichi, nikateleza, nikaangukia bega la kulia. Niliinuka mwenyewe, nikaenda nyumbani, nikasema litapoa. Nilipofika hospitali daktari alisema nyama za bega zimechanika na nimechelewa. Mkono unashika, lakini hauvuti, wala haupandi kuzidi kifua. Kalamu nikiishika, herufi zinakwenda zinakotaka. Kamba ya katani naiona kila siku nikiingia jikoni.

Mkono wangu wa kushoto ni mzima. Lakini wewe ni dereva, unajua. Wakati wa kushoto unabadilisha gia, wa kulia ndio unaobaki na usukani peke yake. Stelingi ikiwa nyepesi, mkono huu unatosha. Ikiwa nzito, hautoshi. Habari yote ni hiyo, na ndiyo maana ule mpira niliouvumilia miaka yote leo siwezi kuuvumilia.

Sikumwambia mtu kwa sababu nimewaona wenzangu. Watu wakishajua kwamba kiungo chako kimoja kimekataa, hawakuulizi tena unataka nini. Wanakuuliza kama umekula. Naogopa hilo kuliko ninavyoogopa barabara. Sasa nimelisema, lisijirudie.

Mazoezi ya hospitali nilikuwa nimeyaacha, nimeyarudia. Daktari wa mazoezi nimemweleza ukweli. Akanishikisha vitu, akanisukuma mkono, akasema gari lenye stelingi nyepesi, mchana, masafa ya hapa hapa, hana kipingamizi. Barabara kuu ya kwenda Mbeya nimeiacha mwenyewe kabla hajaitaja.

Ndani ya kifurushi hiki umo mpira wa zamani. Nimeufungua. Kwa hiyo gari limelala, na Jumapili hii mtaa haukusikia kitu. Kule Bujonde wameanza kunoa miundu. Fanya unaloona ni la haki.

Bibi yako,
Tusekile


Kurasini, Dar es Salaam
31 Mei 2025

Shikamoo Bibi. Ndaga fijo kwa kuniambia.

Siku kifurushi kilipofika niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa Lameck. Amepima ule wa zamani umenyooka na umekunjwa, akabana vichwa mbele yangu, akaujaza presha kwenye mashine yake mpaka mimi nikarudi nyuma. Haukutoa hata jasho. Ndio huu.

Asajile akishaufunga, alipandishe gari jeki mbele, ajaze mafuta, kisha wewe uzungushe usukani polepole kushoto na kulia, huku yeye akiongeza mafuta mpaka yaache kutoa mapovu. Upepo ukibaki ndani stelingi italia na itakuwa nzito vilevile. Kisha ujaribu kwenye uwanja wa kanisa kabla ya barabara. Ukiona mkono unakataa, simama, hata kama baba anatazama. Hilo niahidi.

Baba nimempigia, nimemwambia mpira umeondoka Dar leo. La mkono sikumwambia. Hilo ni lako.

Mumeo,
Gwamaka


Mbugani, Kyela
29 Juni 2025

Mume wangu Gwamaka,

Ughonile. Mpunga umevunwa, umeanikwa, na gunia lako liko njiani. Muuguzi ameuliza utakuja lini. Niliahidi nisiseme zaidi, nimeshindwa.

Mpira umefunga kama ulizaliwa humo. Asajile alipoliteremsha gari kwenye jeki niligeuza usukani kwa mkono wa kulia peke yake, kwa makusudi, huku wa kushoto nimeuweka mapajani. Ukageuka wote. Nilizunguka uwanja wa kanisa mpaka mchungaji akatoka kuuliza kama nimepotea. Mkono haukukataa.

Baba yako alifika jana na Nelson, asubuhi, bila kunitaarifu. Nelson ni kijana mstaarabu, alivua kofia. Nikawaambia gari halinunuliwi limesimama, wapande. Nelson nikamweka mbele, Ambilikile nyuma, nikatoka uani nikachukua njia ya Bujonde. Kwenye kioo nilimwona baba yako ameshika mlango.

Kabla ya kufika kwenye daraja dogo tulikutana na lori limejaa magunia ya mpunga. Pale unapajua, njia ni nyembamba na pembeni ni majaruba. Lori halikuweza kurudi. Mimi nikarudi nyuma, pole pole, mpaka kwenye mlango wa shamba la kakao, nikalikunja gari likaingia, lori likapita, dereva akanipungia. Nelson akasema maharusi watalipenda sana gari hili, akataja bei yake palepale, na haikuwa ya kudharau. Nikakitazama kioo tena. Nilitaka nisikie Ambilikile atasema nini.

Akasema, "Gari haliuzwi. Mwenyewe bado analiendesha."

Tulipomrudisha Nelson stendi, tukabaki wawili hapa mezani. Ndipo nilipomwambia habari ya bega. Sikutaka kumwambia kabla, nisije nikaachiwa gari kwa kuhurumiwa. Nilimweleza kuanguka, hospitali, kalamu, yote. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia alijua tangu Krismasi.

Alisema, "Ulinipa chai kwa mkono wa kushoto, mama. Tangu nizaliwe hujawahi kumpa mtu kitu kwa kushoto."

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza. Akaniuliza kama ningemwambia. Nikamjibu kweli kwamba nisingemwambia. Akasema ndiyo sababu alinitafutia mnunuzi, kwa kuwa aliona ni rahisi kugombana nami juu ya gari kuliko kuniuliza juu ya mkono, na kwamba kila simu ya usiku iliyotoka Kyela alikuwa anaipokea akiwa amesimama. Mwanangu ana mvi sasa, Gwamaka. Sijui zimeota lini.

Nikachukua birika, nikammiminia chai, nikamkabidhi kikombe kwa mkono wa kushoto, waziwazi. Akakipokea kwa mikono yake yote miwili.

Mkeo wa kwanza,
Bibi Tusekile